Siku sita Uswisi: lala bondeni, panda asubuhi

Anayepanga safari fupi ya Ulaya mwezi wa saba huanza na ramani, na ramani ndiyo inayomponza. Paris, Amsterdam, Zürich, Milano, Venezia: ukiitazama kwenye simu, miji hiyo imekaa pua na mdomo, na treni zipo tele. Lakini kila mji unaouongeza unakula nusu siku. Hoteli nyingi zinataka chumba kiachwe kabla ya saa tano asubuhi, na mgeni mpya hupewa ufunguo saa tisa alasiri. Katikati hapo ni kuburuta sanduku, kutafuta pa kula na kutafuta choo. Siku sita zenye miji minne, ukizihesabu kwa saa za kuona vitu, zinabaki nne hivi.

Milimani hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mlima haujionyeshi kila siku. Juni hadi Agosti, siku nyingi katika milima ya Alpi hufuata mtindo uleule: asubuhi kweupe, adhuhuri mawingu yanajikusanya, alasiri radi na mvua. Jua hupasha mabonde, hewa yenye unyevu hupanda kufuata miteremko, huko juu inapoa na kugeuka wingu. Anayelala siku moja tu chini ya mlima Jungfrau anacheza bahati nasibu, na wingu likishuka atalipa nauli kubwa kwenda kutazama ukungu. Anayelala siku tatu ana asubuhi tatu za kuchagua. Kwa hiyo mpango ninaoutetea una vituo viwili tu: mji wa Luzern siku mbili, bonde la Lauterbrunnen siku tatu, na siku ya sita ni ya kurudi uwanja wa ndege wa Zürich. Mji wa Zürich naupita makusudi. Ni mzuri, lakini ukiupa siku, siku hiyo unaipokonya milima.

Viza na bima

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, ila imo katika eneo la Schengen, nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, tangu 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa yuro 45, na aliye chini ya hapo halipi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Kwa safari ya Julai, peleka Machi au Aprili, usingoje Juni wakati kila mtu anatafuta nafasi ya kuwasilisha karatasi.

Makosa yanayoangusha maombi yanajulikana. Kwanza ni kupeleka ombi kwa nchi isiyohusika: sheria inasema upeleke kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Pili, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibakize angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen. Tatu, bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, ienee nchi zote za Schengen na ifunike tarehe zote. Ukitaka kupitia London kisha urudi Uswisi, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utakwama mpakani.

Kwenye bima, soma kama inalipia uokoaji wa milimani. Mtu akivunjika mguu kwenye njia ya miguu huko juu, mara nyingi anayekuja ni helikopta, na Uswisi gharama hiyo huangukia mgonjwa au bima yake. Namba ya gari la wagonjwa ni 144, ya uokoaji wa angani ni 1414.

Na kama ndege yako inaunganisha Frankfurt au Amsterdam, ukaguzi wa pasipoti utafanyika huko, wala si Zürich. Muunganisho wa saa moja ni mfupi mno katika msimu huu; acha saa mbili au zaidi.

Saa, plagi na mtandao

Majira ya joto Uswisi iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24, na hapo ndipo Mswahili anayehesabu saa kutoka alfajiri hujichanganya. Toa sita: treni ya 14:05 ni ya saa nane na dakika tano mchana. Ya 20:05, toa kumi na nane: saa mbili na dakika tano usiku. Usifanye hesabu hii kichwani ukiwa unakimbia. Simu ikae kwenye saa 24 tangu siku ya kwanza.

Treni huondoka kwa dakika iliyoandikwa. Ukitazama saa kubwa za stesheni utaona mshale mwekundu wa sekunde unafika juu, unasimama kidogo, dakika inaruka, ndipo mshale unaendelea. Saa hizo zote hupokea ishara ya dakika kutoka saa kuu moja, na mshale wa sekunde husubiri ishara hiyo ili stesheni zote ziwe pamoja.

Jua nalo linahitaji kuzoewa. Katikati ya Juni hutua karibu saa tatu na nusu usiku na kuchomoza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwa anayeswali, Magharibi inaingia wakati ambao nyumbani Isha imeshapita kitambo, na Isha inasogea karibu na usiku wa manane. Ukitaka kupanda treni ya kwanza ya mlimani, panga usingizi wako kabla, maana usiku ni mfupi kweli.

Plagi za pini tatu bapa tulizozoea haziingii. Soketi ya Uswisi ina matundu matatu ya duara, na plagi nyembamba ya pini mbili za duara huingia bila tatizo, lakini ile nene ya Kijerumani haiingii. Adapta nyingi zilizoandikwa “Ulaya” ni za aina hiyo nene, hivyo itazame umbo kabla ya kulipa. Laini ya simu nayo ina mtego wake: vifurushi vingi vya Umoja wa Ulaya havihesabu Uswisi. Tafuta jina la Uswisi kwenye orodha ya nchi.

Tiketi: piga hesabu kabla ya kununua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wageni wana njia mbili kuu. Ya kwanza ni Swiss Travel Pass, pasi ya siku 3, 4, 6, 8 au 15, inayokupa treni, mabasi, boti za maziwani na makumbusho zaidi ya 500. Ya pili ni kadi ya nusu nauli, inayokatia bei ya karibu kila kitu kwa nusu, hata sehemu kubwa ya treni za milimani. Pasi inafika vijiji vya milimani vya Wengen, Grindelwald na Mürren bila nyongeza, na mlima Rigi wote umo. Lakini kwenda Jungfraujoch, stesheni ya juu kabisa kwenye mlima Jungfrau, inakupa punguzo la asilimia 25 tu, wakati kadi ya nusu nauli inakupa nusu.

Maana yake, anayehama kidogo na kupanda milima ya gharama, kama katika mpango huu, mara nyingi hufaidika zaidi na kadi ya nusu nauli. Usinisadiki kwa maneno. Pakua programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, andika kila safari yako, jumlisha bei kamili, gawa kwa mbili, ongeza bei ya kadi, kisha linganisha na pasi. Ni kazi ya nusu saa, na kwa familia inaweza kuokoa mamia ya faranga za Uswisi. Mzazi mwenye mojawapo ya tiketi hizi aombe pia kadi ya familia, ambayo haina malipo: watoto wa miaka 6 hadi 15 husafiri naye bure.

Stesheni hazina mageti ya tiketi, na wageni wengine hudhani ukaguzi ni wa kubahatisha. Mkaguzi hupita. Tiketi ya simu lazima inunuliwe kabla treni haijang'oka. Ukiinunua ukiwa umeshakaa na gari linatembea, unahesabika huna tiketi. Tiketi za ofa (Supersaver), tofauti na za kadi ya nusu nauli, zimefungwa kwenye treni moja maalumu, na ukipanda inayofuata hazikusaidii kitu.

Luzern

Kutoka stesheni iliyo chini ya uwanja wa ndege hadi Luzern ni kama saa moja na dakika chache. Ukitoka nje ya stesheni, ziwa liko mbele yako, na daraja la mbao la Kapellbrücke liko hatua chache kushoto. Lilijengwa karne ya 14. Sehemu kubwa iliungua Agosti 1993 na likafunguliwa tena mwaka uliofuata. Tazama michoro ya pembetatu chini ya paa: nafasi nyingi zimebaki tupu au nyeusi tangu moto ule. Lipite mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu vikundi vya watalii vikishafika, unapita ukisukumwa.

Ukuta wa kale wa Musegg una minara tisa. Boti za ziwani ni usafiri wa kawaida wenye ratiba, kwa hiyo pasi na kadi ya nusu nauli zinafanya kazi humo. Maji ya kunywa usinunue; chemchemi za mitaani ni safi, na zisizofaa zimeandikwa “Kein Trinkwasser”, yaani si maji ya kunywa.

Siku nzima ya pili ipewe mlima mmoja. Mwenye pasi aende Rigi, mita 1,798, ambako treni ya meno, inayopanda kwa gurudumu lenye meno linaloshika reli yenye meno, imepanda kutoka Vitznau tangu 1871, ya kwanza ya aina yake Ulaya. Mwenye kadi ya nusu nauli aende Pilatus kutoka Alpnachstad. Reli hiyo ya 1889 ndiyo ya meno yenye mteremko mkali kuliko zote duniani, asilimia 48. Katika reli za kawaida za meno, gurudumu hushika meno kutoka juu, na kwa mwinuko wa Pilatus lingeweza kujinyanyua na kuruka. Mhandisi Eduard Locher akalaza magurudumu mawili ubavuni, yakaibana reli kutoka kushoto na kulia. Ukisimama stesheni ya chini, inama uione reli yenyewe: meno yako pembeni pande zote mbili. Shuka upande wa pili kwa gari la kebo hadi Kriens, kisha basi la mjini.

Kuingia bondeni

Treni ya Luzern hadi Interlaken Ost huchukua kama saa mbili na kuvuka njia ya mlimani ya Brünig. Keti kulia. Utaliona ziwa la Lungern chini yako, kijani isiyoaminika. Stesheni ya Meiringen, treni hugeuza mwelekeo, kichwa kinakuwa mkia, na kiti chako cha kulia kinakuwa cha kushoto, upande ule ule lilipo ziwa Brienz. Wasiojua hubadilisha viti hapo na kujikosesha ziwa.

Interlaken Ost ndipo wengi hukosea. Treni iendayo milimani ni mbili zilizoungwa pamoja. Kwenye stesheni ya Zweilütschinen hutenganishwa: nusu inaelekea Lauterbrunnen, nusu Grindelwald. Soma kibao kilicho kwenye behewa lenyewe, usitosheke na ubao wa jukwaani. Ukigundua umekaa nusu isiyo yako, shuka Zweilütschinen na uhamie behewa lingine kabla halijaondoka.

Lauterbrunnen iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya kuta mbili za mwamba. Maporomoko ya Staubbach yanaanguka karibu mita 300 nyuma ya nyumba za kijiji, na upepo unayapeperusha hadi yanakuwa kama moshi. Hata jina lake linasema kijito cha vumbi. Ni kijiji kidogo kinachobeba watu wengi kupita kiasi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Ndiyo sababu nashauri kulala juu ya kijiji hicho, kwenye kingo za bonde hilohilo, Wengen au Mürren. Vijiji vyote viwili haviingii magari ya kawaida. Wengen, mita 1,274, ni robo saa kwa treni ya meno. Mürren, mita 1,638, ni gari la kebo hadi Grütschalp kisha treni ndogo kwenye ukingo wa jabali. Kwa familia yenye masanduku mazito, Wengen ni rahisi zaidi. Mürren inakutazamisha milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau zikiwa zimejipanga ng'ambo ya bonde. Weka nafasi miezi mitano au sita kabla. Vyumba ni vichache, na vya bei ya kati huisha kwanza.

Asubuhi ya mlimani

Usinunue tiketi ya Jungfraujoch ukiwa bado nyumbani Dar es Salaam au Mombasa. Kila kilele kikubwa cha hapa kina kamera inayoonyesha hali ya sasa hivi kwenye intaneti. Amka saa kumi na mbili, ifungue. Ukiona theluji na anga, nenda na treni ya mapema kadiri uwezavyo. Ukiona weupe mtupu, vuta blanketi, kesho ipo. Nauli kamili ya kwenda na kurudi huzidi faranga 200 wakati wa joto, na ukungu haurudishiwi pesa.

Reli ya Jungfrau ilichimbwa kuanzia 1896 na kufunguliwa 1912. Zaidi ya kilomita 7 ziko ndani ya tumbo la Eiger na Mönch. Kituo cha mwisho kiko mita 3,454, na mbele yako kuna Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Alpi, zaidi ya kilomita 20. Tangu Desemba 2020 kuna pia kebo ya Eiger Express, inayotoka Grindelwald hadi Eigergletscher kwa dakika 15. Panda kupitia Wengen na Kleine Scheidegg, shuka kwa kebo. Utaona pande mbili kwa safari moja.

Kimo hicho kisidharauliwe. Mpandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,720, ndipo siku ya pili apite kimo cha Jungfraujoch akielekea Horombo. Hapa mtu anatoka mita 800 hadi 3,454 kabla ya chai ya saa nne kumtulia tumboni. Hewa ina oksijeni pungufu kwa theluthi moja hivi. Kichwa kinagonga, ngazi chache zinakuhemesha, mtoto anatapika. Fanya kama waongozaji wa Kilimanjaro wanavyosema, pole pole: tembea taratibu, kunywa maji, usikae zaidi ya saa mbili au tatu, na dalili zikizidi shuka mara moja. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amuulize daktari kabla ya safari.

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Interlaken ikiwa na nyuzi 26, juu jiandalie 5 au hata sifuri, pamoja na upepo. Sweta, koti lisilopitisha upepo, kofia, viatu vya kufunika. Kanga au leso moja nzito ina kazi nyingi: shingoni asubuhi, mabegani mwa mtoto treni ikiingia tunelini. Miwani ya jua ni lazima hata kwa mtu mweusi tii, kwani theluji hurudisha mwanga machoni, na losheni ya jua pia.

Ukiona bei ya Jungfraujoch haikukai moyoni, usijione umekosa Alpi. Kutoka Wengen kebo inapanda Männlichen, na kutoka hapo njia ya miguu ya kilomita 4 na ushei inateremka taratibu hadi Kleine Scheidegg, ukuta wa Eiger ukiwa mbele yako muda wote. Kwangu mimi, saa hiyo moja na nusu inashinda Jungfraujoch yenyewe. Vibao vya njano ni vya njia za kawaida. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe zinataka viatu vya mlimani na miguu imara. Nyeupe-bluu-nyeupe mwachie mzoefu. Vibao huandika saa badala ya kilomita, na saa hizo hazina mapumziko, hivyo mwenye watoto aongeze nusu. Mageti ya malisho yafunge nyuma yako, na ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali.

Mvua ikinyesha, na chakula

Siku ya mvua ni ya Trümmelbach. Ni maporomoko kumi ndani ya mwamba, yanayotoa maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau, hadi lita 20,000 kwa sekunde, na jabali linatetemeka chini ya nyayo. Basi la kutoka stesheni ya Lauterbrunnen linafika mlangoni. Watoto chini ya miaka 4 hawaruhusiwi. Vaa koti la mvua hata kama nje kumekauka.

Mlo wa kawaida wa mgahawa ni faranga 25 au zaidi, na huduma imo ndani ya bei. Familia zinaokoa kwa kununua mkate, jibini, matunda na kuku wa kuchoma kwenye maduka ya Coop au Migros. Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa yaliyo kwenye stesheni kubwa, nunua Jumamosi. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya taifa, hesabu vivyo hivyo. Asiyekula nguruwe akariri maneno mawili: Schwein, nguruwe, na Speck, nyama ya nguruwe yenye mafuta. Rösti, viazi vilivyokunwa na kukaangwa, mara nyingi huja na Speck; sema “ohne Speck”, bila Speck, wakati wa kuagiza. Makaroni ya wachungaji, Älplermagronen, nayo huweza kuwa nayo.

Siku ya sita, kutoka Lauterbrunnen hadi uwanja wa ndege wa Zürich kupitia Interlaken na Bern weka saa tatu, na ufike saa tatu kabla ya ndege. Kama ndege ni ya jioni na mawingu yamekuwa yakikusumbua siku zote, fungua kamera kwa mara ya mwisho asubuhi hiyo. Kukiwa kweupe, na umelala bondeni, acha masanduku kwenye kabati za kufungia za stesheni ya Lauterbrunnen na upande treni ya Wengen. Robo saa tu, bei ndogo, na treni ikitoka msituni, kaa upande wa kulia: Jungfrau iko pale, nyeupe, juu ya bonde zima.